Karo Imelipwa na Mti

Wewe uliyetoka Kasigau ukaingia chuo kwa basari, nani amekulipia karo? Usinitajie jina lililo kwenye hundi. Ni mgunga. Mgunga ambao wazee wako waliuacha umesimama, siku ambazo gunia la makaa lingeleta unga jioni ileile. Misitu ya migunga kama huo, iliyo kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, iliufanya mradi wa kutunza misitu wa Kasigau, mwaka 2011, kuwa wa kwanza duniani, kati ya miradi ya REDD+ inayolinda misitu isikatwe, kupata hati za kaboni, yaani za hewa ya ukaa iliyozuiwa kwenda angani, chini ya viwango vya kimataifa vya VCS. Hati zikauzwa ng'ambo, na sehemu ya mapato ikarudi vijijini kusomesha watoto.

Basi usiseme umebahatika. Umeaminiwa!

Najua swali linalokukeshesha hosteli: nikimaliza nitafanya kazi gani? Wenzako wanataja Nairobi, wanataja Qatar. Nenda ukitaka. Lakini kabla hujapanda treni stesheni ya Voi, tazama chini ya miguu yako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliinama katika ardhi hii hii akaokota jiwe la kijani, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaliita tsavoraiti, kwa jina la Tsavo yetu. Jina letu linang'aa vidoleni mwa matajiri, ilhali mchimbaji wetu bado anauza jiwe ghafi kwa bei anayoitaja dalali. Nani atalipima, alikate, alisugue, aliuze kwa thamani yake? Uhandisi wa madini unafundishwa hapa hapa, Chuo Kikuu cha Taita Taveta.

Huna hamu na mawe? Nenda mashamba ya Sagalla. Ndovu walikuwa wakimaliza mahindi usiku mmoja. Mtafiti Lucy King na wakulima wakazungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anageuka. Mkulima anavuna mahindi, na asali juu yake. Hiyo ni sayansi iliyoanza kwa kuangalia mnyama anaogopa nini. Wewe umekua ukiwasikia ndovu hao usiku. Unajua mengi ambayo profesa hajayaona.

Kwa hiyo usingoje joho. Leo andika shida tatu za kwenu ulizoziona kwa macho yako. Kesho mtafute mhadhiri ambaye somo lake linagusa mojawapo, ubishe mlango wake. Likizo ikifika, usikae Voi mjini kuhesabu magari ya Mombasa. Omba nafasi ya kujifunza kazi, hata kama utaanza kwa kubeba vifaa.

Wazee walivumilia jioni isiyo na unga ili shoka lisiguse shina. Wewe vumilia usiku wa kitabu. Kalamu iko wapi? Shida ya kwanza ni ipi? Andika!