Kuitikia Bila Kuelewa

Ipo tabia ambayo wengi wetu huiita adabu, nayo ni kuitikia jambo kabla ya kulielewa. Je, mwenye kuitikia hivyo ametutendea wema? Swali hili, ndugu msomaji, limenijia upya uzeeni kwa sababu ya kompyuta.

Mjukuu wangu, anayejifunza kuandika programu, alitaka kujumlisha michango ya msiba kwa lugha iitwayo JavaScript. Shangazi ametoa 5000, mjomba 3000. Jibu likatoka 50003000. Alipojaribu kutoa badala ya kujumlisha, akapata 2000, sawasawa kabisa. Kijana akasema mashine ina wazimu.

Haina wazimu, ina kanuni. Kiandikwacho katika kisanduku cha ukurasa hupokelewa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Alama ya kujumlisha ina kazi mbili katika lugha hiyo: hujumlisha namba na huunganisha maandishi. Alama ya kutoa haiunganishi chochote, kwa hiyo maandishi hugeuzwa kwanza kuwa namba. Brendan Eich aliitunga lugha hii mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, na umbo lake la kwanza lilimchukua siku 10. Ilikusudiwa hata kwa watu wasio mafundi; ndiyo maana mara nyingi, badala ya kugoma, hukisia ulichotaka na kuendelea na kazi.

Kusudi lilikuwa jema. Hata hivyo nawakumbuka wanachuo wetu wa ualimu wa hapa Morogoro, tulipowapeleka mazoezi ya kufundisha katika shule za milima ya Uluguru, kule Matombo na Kinole. Mwanachuo huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Somo husonga mbele, kila mmoja ameridhika, na ukweli hujulikana siku ya mtihani. Watoto wale hawakuwa waongo, walimheshimu mkubwa. Lakini gharama ya heshima hiyo waliilipa wao wenyewe. Kwa hiyo niliwaasa wanachuo waliache swali lile, wamwite mtoto ubaoni afanye hesabu mbele ya wenzake.

Lugha ile nayo ina dawa yake. Ukilinganisha namba 5 na maandishi "5" kwa alama mbili za usawa, husema ni sawa. Ukiweka alama tatu hukataa, kwa maana hapo hutazama pia aina ya kitu. Na mjukuu alipoiagiza igeuze maandishi kuwa namba kabla ya kujumlisha, ikatoa 8000.

Naamini, basi, kwamba anayetusimamisha na kutuuliza tumekusudia nini hajatuvunjia heshima. Anayetukisia huenda akapatia mara nyingi, lakini siku atakapokosea, fedha za wafiwa zitakuwa zimekwisha kuhesabiwa vibaya, na wote tumeridhika. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba wala si utovu wa adabu.