KIJANA, NDOANO IKO WAPI?

Wewe kijana wa Moshi, umewahi kuona kidagaa cha plastiki laini? Hakina uhai, lakini kikivutwa majini mkia unatikisika kama wa dagaa hai. Kambare anakurupuka!

Mvuvi huchoma ndoano puani, akaipitisha mwilini na kuitokeza mgongoni. Lazima kidagaa kinyooke. Kikipinda kitazunguka-zunguka, samaki ashtuke. Penye matete, kama kandokando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, ncha hurudishwa ndani ya plastiki. Hainasi majani, wala haionekani. Samaki akibana mdomo, plastiki inabonyea, ncha inachomoza. Yaani ule ulaini ndio mtego, bwana!

Fungua Yakobo 1:14. Neno la Kigiriki lililoko pale lina maana ya kunaswa kwa chambo. Na angalia: mvuvi hamkimbizi samaki. Anavuta taratibu, halafu anaacha. Mara nyingi samaki hupiga pale kidagaa kinapotulia.

Je, yule aliyekuahidi kazi ya mshahara mnono ng'ambo, siku hizi 3 amenyamaza? Umeanza kumtafuta wewe? Rafiki, kabla hujampa pasipoti yako, njoo uwanjani leo jioni, tuongee na tuombe.