Je, Hatari Iliyo Nadra Ifichwe?



Miaka mingi chuoni niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba mtoto hadanganywi, hata kwa kumwonea huruma. Kumbe somo hilo mwenyewe nilikuwa sijalimaliza.

Mdogo wangu wa kike aliteswa na uvimbe wa mji wa mimba, yaani fibroidi. Alitokwa damu nyingi kila mwezi hata akashindwa kulima. Tukamtoa hapa Ziba tukampeleka hospitali ya mbali, wanakofanya upasuaji wa matundu madogo. Daktari alinieleza mimi, kaka yake mkubwa. Tumbo hutobolewa matundu machache, uvimbe hukatwa vipande vipande humo ndani, kisha hutolewa. Kidonda ni kidogo, na mgonjwa hurudi nyumbani upesi. Lakini mara chache kipande husalia, kikajishika mahali pengine tumboni na kukua. Na mara chache zaidi, uvimbe uliodhaniwa wa kawaida huwa ni saratani, na kule kuukata huitawanya.

Nikasema, "Daktari, tafadhali usimwambie hayo. Atakimbia." Naye akanyamaza.

Mdogo wangu alipona. Mwaka uliofuata neno likaniponyoka. Akaniuliza, "Kaka, tumbo lilikuwa la nani?"

Je, nilimkosea, maadamu hakudhurika?

Nilikuwa na la kujitetea. Wapo wanawake wanaoogopa kisu wakakaa na uvimbe mpaka damu inawapungua mwilini. Tena kupasua tumbo lote nako kuna hatari zake: kupoteza damu, kidonda kuingia usaha, matumbo kugandana. Hakuna njia isiyo na hatari.

Lakini hiyo "mara chache" ni hesabu ya nani? Huko Marekani, mwaka 2013, daktari Amy Reed, mama wa watoto sita, alipasuliwa kwa njia hiyo, na baadaye ikaonekana uvimbe wake ulikuwa na saratani. Yeye na mumewe wakapaza sauti. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya nchi ile ikakadiria kwamba katika wanawake 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya fibroidi, mmoja huwa na saratani iliyojificha. Wataalamu wengine walisema ni wachache kuliko hao. Mama yule alifariki mwaka 2017. Mwaka 2020 mamlaka hiyo ikapendekeza kwamba chombo hicho cha kukatia kikitumika, uvimbe ukatwe ndani ya mfuko maalumu.

Mmoja katika 350 ni kidogo kwa anayehesabu. Kwa yule mmoja ni uhai wake wote. Bwana wetu hakumdharau kondoo mmoja kwa sababu wako tisini na tisa.

Tena asiyeambiwa hawezi kujilinda. Akisikia uvimbe tumboni baada ya miaka, hatajua la kumweleza daktari mwingine. Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mara nyingine anayeficha si mgonjwa, ni sisi tunaompenda.

Basi mgonjwa aelezwe faida na hatari kwa sauti ile ile, kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kuuliza, kisha aamue mwenyewe. Nilimkosea mdogo wangu hata kama hakudhurika, kwa kuwa nilimnyang'anya uamuzi uliokuwa wake.

Nilimwomba msamaha. Akanisamehe, akasema, "Hata ungeniambia, Kaka, ningekubali."