Jina na Ladha

Kuonja ni kuhukumu. Ulimi ni hakimu mdogo, na kama mahakimu wote, waweza kudhulumu. Swali langu ni hili: je, kitu chaweza kupata haki mbele ya mwonjaji aliyekwisha kukipa jina lisilo lake?

Shahidi wangu ni mzabibu uitwao Carmenère, wenye asili ya Bordeaux, Ufaransa. Katika karne ya 19 miche yake ilipelekwa Chile. Baadaye mdudu aitwaye filoksera aliangamiza mashamba ya Ufaransa, na yalipopandwa upya, Carmenère ulikaribia kusahauliwa kabisa. Kumbe ulikuwa hai Chile, umechanganyika na Merlot, na wakulima wakiita yote Merlot. Mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliutambua shambani.

Tazama sasa dhuluma ya jina. Zabibu za Carmenère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Kwa kuwa ziliitwa Merlot, zilichumwa siku ya Merlot, zingali mbichi. Divai ikanuka pilipili hoho, na mwonjaji akaona kasoro. Ulimi wake haukusema uongo, maana ubichi ulikuwamo. Lakini hukumu ilikuwa batili, kwani mshtakiwa hakuwa yule aliyetajwa, wala hakupewa muda wake. Zabibu hizo zilipojulikana na kungojwa, zilitoa divai laini, yenye harufu ya matunda meusi na viungo.

Labda msomaji atasema: basi na tufiche majina. Dawa hiyo ina nguvu; mwaka 1976 huko Paris, waonjaji Wafaransa waliofichiwa majina walizipa divai za California nafasi ya kwanza. Lakini dawa hiyo huponya upendeleo tu. Carmenère haukuhitaji kufichiwa jina. Ulihitaji kupewa lake, na pamoja nalo saa yake.

Mimi husahihisha karatasi za mtihani zenye namba badala ya majina, na kwa miaka mingi nilidhani kuwa kwa kufanya hivyo nimemaliza wajibu wa haki. Sasa nina shaka. Huenda karatasi niliyoiandikia neno "dhaifu" ilikuwa zabibu iliyochumwa siku ya mwingine. Alama sina budi kuitoa, kwa maana kazi yangu ndiyo hiyo. Lakini naitoa kama apasavyo mwonjaji mwaminifu: nasema nilichokikuta leo katika kikombe, wala sisemi neno juu ya mzabibu.