Ndege ya Kweli, Watu wa Uongo

Rubani anapotazama filamu inayohusu kazi yake, aghalabu jicho lake hukimbilia madogo: swichi iliyobonyezwa pasipo wakati wake, mlio wa tahadhari usio wa ndege ile, abiria wanaofyonzwa nje kwa tundu moja la risasi. Makosa hayo huchekesha, wala hayamdhuru mtu. Lipo kosa jingine lisilochekesha, na mfano wake ni filamu ya Sully, iliyoongozwa na Clint Eastwood mwaka 2016.

Tarehe 15 Januari 2009, ndege aina ya Airbus A320 iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York. Dakika mbili hivi baadaye ilikumbana na kundi la mabata bukini, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Zilipopita sekunde 208, Kapteni Chesley Sullenberger na msaidizi wake, Jeffrey Skiles, walikuwa wameituliza juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 walisalimika.

Katika kuyasimulia hayo filamu ni aminifu. Maneno machache ya marubani, yaliyopimwa, yasiyo na mayowe, yako karibu sana na yale yaliyonaswa na kinasa sauti cha ndege. Lakini sekunde 208 hazijazi filamu. Kisa chataka adui, na bata hafai uadui. Basi uadui wakatwishwa wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani: nyuso kavu, maswali ya mtego, nia ya kuthibitisha kwamba kapteni angeweza kurudi uwanjani. Filamuni, ni kapteni anayelazimika kuwakumbusha kuwa binadamu huhitaji muda wa kutambua lililompata. Kumbe wachunguzi walilijua hilo. Katika majaribio yao ya mitambo ya kuigizia safari, baadhi ya marubani waliogeuza ndege papo hapo waliufikia uwanja. Wachunguzi walipoongeza sekunde 35 za kufikiri, ndege haikufika. Ripoti yao ya mwaka 2010 ikatamka kwamba kutua mtoni kulikuwa uamuzi sahihi.

Yamkini mtu akasema sanaa si ushahidi mahakamani. Ni kweli, na watu wa pwani hawahitaji kufunzwa hilo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, wasimulia vita vikubwa mahali ambapo mwaka 630 majeshi hayakukutana. Ila Herekali alikwisha kufa zaidi ya miaka elfu, na msikilizaji wa utenzi alijua yumo ndani ya utenzi. Mtazamaji wa Sully hana ishara kama hiyo. Usahihi wa ndege ndio unaomfanya auamini uongo juu ya watu, na watu hao wangali na kazi ya kufanya: usalama wa angani hutegemea rubani kumweleza mchunguzi kosa lake bila kuficha. Anayefundishwa kwamba mchunguzi ni mwindaji, atasema nini siku yake ikifika?

Tom Hanks, aliyeigiza kapteni huyo, alieleza kwamba Sullenberger mwenyewe, baada ya kusoma mswada, aliomba majina halisi ya wachunguzi yaondolewe. Yakaondolewa. Jina la bodi likaachwa.