Boma la Thimlich Ohinga na Swali la Umiliki

Katika Kaunti ya Migori, kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, pamesimama boma la mawe liitwalo Thimlich Ohinga, ambalo wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kuwa lilianza kujengwa katika karne ya 16. Ndilo kubwa na lililohifadhika vyema kuliko mengine mengi ya aina yake yaliyotapakaa hadi Homa Bay, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta zake, ambazo mahali pengine hupita mita 4 kwenda juu, zilipangwa bila chokaa wala udongo: mawe makubwa yalipangwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha nafasi ya katikati ikajazwa mawe madogo yanayoshindiliana, hivi kwamba uzito wenyewe ndio uliofanya kazi ya kuziunganisha. Milango ni mifupi mno, kiasi kwamba kila aingiaye, awe mwenyeji au adui, hulazimika kuinama na kutanguliza kichwa mbele ya mlinzi.

Ujenzi wa namna hii huporomoka usipotunzwa, na hapo ndipo linapozuka swali zito la kifalsafa, yaani boma hili ni la nani. Waliolianzisha hawakuwa ndio waliolihama mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa jamii za wasemaji wa lugha za Kibantu na za Waluo zilipokezana humo, na kila zilizofuata zikazirekebisha kuta zilizozikuta. Anayedai kwamba haki ya umiliki hutokana na kutangulia tu atashindwa kueleza kwa nini kuta hizo zingali zimesimama, maana mtangulizi aliyeweka jiwe la kwanza asingekuwa na chochote cha kurithisha laiti mgeni aliyemfuata asingelirudisha lilipoanguka. Hoja yenye nguvu zaidi, na iliyo ya haki zaidi kwa wote waliolala salama humo, ni kwamba umiliki wa kitu cha pamoja hupatikana kwa kukitunza, na hupotea kwa kukitelekeza, hata kama jina la ukoo lingali linatajwa. Kwa kipimo hicho, mafundi wanaoyarudisha leo mawe yaliyosukumwa na mizizi ya miti wamo katika safu ileile ya wajenzi.