Amana Iliyo Daftarini

Husikika malalamiko mengi juu ya idara za serikali kunyimana taarifa, na malalamiko hayo yana haki, maana ni udhia mkubwa raia kutembezwa na nakala ya cheti kile kile kutoka mlango hata mlango, ilhali milango yote ni ya dola moja. Lakini kabla ya kuviondoa vizuizi vilivyo baina ya ofisi na ofisi yapasa tuulize swali lililo la dini kabla ya kuwa la mitambo: taarifa hiyo ni mali ya nani?

Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, wamehukumu kwamba aliyewekewa amana hana ruhusa ya kumkabidhi mtu wa tatu pasipo idhini ya mwenyewe wala dharura, na akifanya hivyo ikapotea, dhamana ni juu yake; wala hana haki ya kumzuilia mwenyewe aitakapo. Naona jina la mtu na alama za vidole vyake ni amana ya namna hiyo.

Itazame kadhia ya Garissa nchini Kenya. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, kambi za wakimbizi zilifunguliwa Dadaab, na ukame ulipowakaza Wakenya wa Kisomali wa jirani, baadhi yao walijiandikisha pamoja na watoto wao katika daftari la wakimbizi, wapate chakula. Mtoto akakua, akatimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Akaweka vidole juu ya mtambo, akajibiwa kuwa vidole hivyo ni vya mkimbizi. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti benki, na kila kizuizi cha polisi barabarani ni hofu kwake. Taarifa ya kumtuhumu ilivuka upesi kutoka idara hata idara. Ya kumwokoa, kama kitambulisho cha babaye kilichotolewa na serikali iyo hiyo, haikumfaa kitu, akangojeshwa miaka.

Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya, ilipoamua shauri la Huduma Namba, mpango wa kukusanya taarifa za raia katika hazina moja, ilikataza kuchukuliwa vinasaba na mahali hasa mtu anapoishi, na ikataka sheria ya kutosha itangulie. Uamuzi huo naupokea kwa shukrani, ingawa hauligusi jambo linalonikera zaidi, nalo ni idhini ya mwenye njaa. Mama aliyemtoa mwanawe aandikwe kwa ajili ya unga aliidhinisha unga, hakuidhinisha hukumu juu ya uraia wa mwanawe. Na idhini katika sheria yetu ya Kiislamu haivuki lile iliyotolewa kwalo, hata kama karani anayeivusha ameandikiwa amri na waziri.